Orodha ya ETF zilizoongoza, na ninayoyaona kwenye karatasi za kodi

"Dada, mwaka jana ETF gani imeongoza?" Swali hili la ETF, yaani mifuko ya uwekezaji ambayo vipande vyake huuzwa na kununuliwa sokoni kama hisa, huanza kunifikia mwezi wa Januari, na hadi Machi nimeshaulizwa na vijana wa maghalani, madereva wa malori, wachungaji, na akina mama wanaotunza wazee. Naishi Columbus, Ohio, mji wenye Waswahili wa kila namna: Watanzania na Wakenya wa miaka mingi, Wakongo na Warundi waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Wanyarwanda. Kila msimu wa kodi najitolea kusaidia watu kujaza ritani zao bure, chini ya mpango wa VITA wa idara ya kodi ya Marekani, IRS. Kwa sababu ya lugha, wengi wanaelekezwa kwenye meza yangu.

Pale mezani siruhusiwi kumshauri mtu anunue nini, na ni sawa kabisa iwe hivyo. Kazi yangu ni kuweka namba mahali pake. Ila namba zenyewe zinasema. Mtu aliyeuza hisa au vipande vya mfuko huletewa na dalali wake fomu 1099-B. Kila mstari wa fomu hiyo una tarehe ya kununua, tarehe ya kuuza, fedha aliyopokea na fedha aliyotoa. Ukiisoma taratibu unaona hata alichokuwa anakisikia wiki aliyonunua. Mwanzoni mwa 2021 ilikuwa teknolojia na nishati ya jua. Katikati ya 2022 ilikuwa mafuta. Kisha akili mnemba. Tarehe za kununua zinafuatana na vichwa vya habari, na mara nyingi zinachelewa kwa miezi kadhaa.

Hayo ndiyo yaliyonipa msimamo nilio nao: faida ya mfuko ni kitu kimoja, na faida ya mtu aliyeununua ni kitu kingine. Orodha ya washindi inakuonesha ile ya kwanza tu, nawe unaishi na ile ya pili.

Nimsimulie mmoja, kwa ruhusa yake, nikiwa nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha. Ni kijana wa Kikongo anayefanya zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo. Mwanzoni mwa Februari 2021 alinunua vipande 45 vya ETF moja ya nishati safi kwa dola 120 kila kimoja, jumla dola 5,400. Mwaka 2020 mfuko huo ulikuwa umepanda zaidi ya mara tatu, na jina lake lilikuwa juu kabisa kwenye kila orodha. Oktoba 2023 aliuza vyote kwa dola 45 kila kimoja. Akapata dola 2,025. Hasara: 3,375.

Sheria ya Marekani inamruhusu mtu kutoa hadi dola 3,000 za hasara ya aina hiyo kwenye kipato chake cha kawaida kwa mwaka, na kinachobaki kinasogezwa mwaka unaofuata. Kwa hiyo 3,000 zikaingia mwaka ule, 375 zikasubiri. Nilipomweleza akanyanyua uso kwa matumaini: "Yaya, ni kusema serikali itanirudishia elfu tatu?" Ikabidi nimweleze kwamba kinachopungua ni kipato kinachotozwa kodi. Yeye yuko kwenye daraja la asilimia 12, hivyo anaokoa dola 360. Akachukua kalamu, akaandika 360 pembeni ya 3,375, kisha akauliza hasara yenyewe ilitokea wapi, maana kila siku anaona paneli za jua zikifungwa kwenye mapaa.

Swali lake ni zuri kuliko maswali mengi ya watu wenye shahada za uchumi. Paneli ziliendelea kufungwa, ni kweli. Lakini bei ya Februari 2021 ilikuwa imeshabeba matumaini ya miaka mingi mbele. Miradi ya jua hujengwa kwa mkopo, na benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba Machi 2022 kutoka karibu na sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50 kufikia Julai 2023. Mkopo ukawa ghali, miradi ikasogezwa mbele, hisa zikashuka. Biashara inaweza kuwa nzuri na bei uliyolipa ikawa mbaya, na kwenye orodha ya washindi hakuna safu inayoonesha hilo.

Mfano mkubwa zaidi uko wazi kwa kila mtu. ARK Innovation ETF, mfuko wa Cathie Wood ulioanzishwa 2014, ulipata takriban asilimia 153 mwaka 2020. Mwaka 2021 ukapoteza kama asilimia 23, na mwaka 2022 kama asilimia 67. Mwaka 2023 ukapanda kama asilimia 68, ukarudi tena kwenye habari za walioongoza. Sasa kaa na kikotoo. Dola 1,000 zilizowekwa mwanzoni mwa 2020 na kuachwa hapo zilifika mwisho wa 2023 zikiwa kama 1,070. Dola 1,000 kama hizo kwenye mfuko wa kawaida unaofuata fahirisi ya S&P 500, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani, zilikuwa zimefika kama 1,570, likiwemo gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa. Na mfuko wa S&P 500 haukukaribia kuongoza orodha hata mwaka mmoja kati ya hiyo minne.

Wengi hushtuka hapo, kwa sababu macho yanaona 153 na 68 na kudhani 23 na 67 zinafutika kirahisi. Hazifutiki. Ukipoteza asilimia 67 umebaki na 33 kwenye kila 100, na ongezeko la asilimia 68 linahesabiwa juu ya hizo 33. Unafika 55.

Tena hao wa mwanzo wa 2020 ndio waliokuwa na bahati. Wakati huo mfuko mzima ulikuwa na chini ya dola bilioni 2. Kufikia Februari 2021 ulikuwa na karibu bilioni 28. Sehemu ya ongezeko hilo ni bei iliyopanda, lakini fungu kubwa lilikuwa fedha mpya ya watu walioingia baada ya kuona orodha. Faida kubwa ikaangukia fedha kidogo, hasara kubwa ikaangukia fedha nyingi. Kampuni ya utafiti ya Morningstar ilipiga hesabu ya miaka 10 hadi mwisho wa 2023 ikakuta wenye mfuko huo, kwa ujumla wao, walipoteza zaidi ya dola bilioni 7. Wakati huohuo kipande kimoja kilikuwa kimetoka kama dola 20 mwaka 2014 hadi kama 52. Mfuko umepanda zaidi ya mara mbili, na wenye mfuko wamepoteza mabilioni. Mimi nilipoielewa hesabu hii niliacha kabisa kuangalia orodha kwa macho ya zamani.

Morningstar hupima pengo hili kila mwaka kwa mifuko yote ya Marekani. Katika ripoti yao ya 2024, mfuko wa wastani ulipata asilimia 7.3 kwa mwaka kwa miaka 10, wakati dola ya wastani ya mwekezaji ilipata 6.3. Pengo pana kuliko yote lilikuwa kwenye mifuko ya sekta moja moja, ndiyo hiyo inayojaa kwenye orodha za washindi. Jembamba kuliko yote lilikuwa kwenye mifuko mchanganyiko, inayoweka pamoja hisa na hatifungani (hati za kuikopesha serikali au kampuni kwa riba), ambayo hakuna anayeipigia simu nyumbani kuisimulia.

Orodha hutengenezwaje? Marekani ina ETF zaidi ya 3,000. Ukizipanga kwa faida ya mwaka mmoja, lazima kuna ya kwanza, na itakuwa ile iliyojifunga kwenye kitu kimoja kilichopata upepo mwaka huo: madini fulani, nchi moja, kampuni chache za teknolojia. Mfuko mpana hauwezi kukaa pale juu, kwa kuwa umebeba waliopanda na walioshuka. Mfuko uliofungwa baada ya kufanya vibaya hauonekani kabisa. Halafu mingi ya mifuko hii ya mada moja huanzishwa wakati mada yenyewe imeshapamba moto. Hapa hapa mjini kwetu, Chuo Kikuu cha Ohio State, Profesa Itzhak Ben-David na wenzake walichunguza jambo hili, wakakuta kwamba ETF za aina hiyo hufanya vibaya baada ya kuanzishwa, msisimko unapopoa. Wateja wanakuja kwa sababu bei imepanda, na bei iliyopanda ndiyo iliyomfanya mwenye kampuni auanzishe mfuko.

Kuna nyingine tena za kuogopwa zaidi, zile zinazokuza mara tatu mwendo wa kila siku wa fahirisi. Zinaonekana juu kabisa soko likiwa zuri. Tuseme fahirisi imetoka 100 ikashuka asilimia 10 leo, ikawa 90, kesho ikapanda asilimia 11.1 ikarudi 100. Mfuko wa mara tatu umeshuka asilimia 30 ukawa 70, kisha umepanda asilimia 33.3 ukafika kama 93. Soko limerudi lilikokuwa, wewe umepungukiwa dola 7 kwenye kila 100, kwa siku mbili. Nimeona mzee wa watu ameweka fedha ya kumaliza nyumba kule Kigoma kwenye mfuko kama huo, na programu ya simu ilimruhusu kwa kubonyeza mara chache.

Nitakuwa mkweli kwamba kukimbilia walioongoza wakati mwingine kunalipa. Mfuko wa kampuni za mafuta na gesi wa XLE ulipata takriban asilimia 53 mwaka 2021. Aliyeukimbilia Januari 2022 akapata kama 64, mwaka ambao S&P 500 ilishuka kwa asilimia 18. Mtu wa namna hii nilimwona, na hakuna aliyeweza kumwambia kitu mwaka ule. Mwaka 2023 XLE ikashuka kidogo, kwa asilimia isiyofika 1, huku S&P 500 ikipanda 26. Hatari ya kushinda mara moja ni kwamba mara inayofuata unaweka fedha zaidi.

Halafu kuna kodi, ambayo orodha haiitaji kamwe. Ukiuza kwa faida kabla ya mwaka kupita, faida hiyo inatozwa kama mshahara. Ukishikilia zaidi ya mwaka mmoja, kiwango ni kingine, na kwa watu wa kipato cha kawaida kiwango hicho ni sifuri. Sifuri kweli. Kwa mwaka 2024, mume na mke waliojaza pamoja na wenye kipato cha kutozwa kodi kisichozidi dola 94,050 hawakulipa chochote kwa serikali kuu juu ya faida ya muda mrefu. Kwa asiye na ndoa kikomo kilikuwa 47,025. Dereva mmoja alikuwa na faida ya dola 2,600 kwenye mfuko alioushika miezi 10. Januari orodha mpya ikatoka, akauza akahamia kwa mshindi mpya. Akalipa asilimia 12, dola 312, kwa kodi ambayo isingekuwepo kama angengoja miezi miwili na siku kadhaa. Watu wengi wa daraja hili hawalijui jambo hili, na linaniuma, maana ni moja ya nafuu chache walizoandikiwa wao hasa.

Na sasa yule ninayetaka msomaji amkumbuke. Mama mmoja, msaidizi wa wauguzi, mumewe anafanya usafi wa ofisi, watoto wameshakuwa watu wazima. Kipato chao wawili kilikuwa kama dola 47,000. Alileta karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki wa dukani, zimepangwa vizuri kuliko za wenye kampuni. Kwenye fomu yake ya mshahara, W-2, kisanduku cha 12, kulikuwa na herufi D na dola 2,000. Hiyo ni michango yake ya akiba ya uzeeni kazini, ile 401(k). Nilipomuuliza fedha imewekwa kwenye nini, hakujua. Alikuwa anaiita "ile wanayokata". Tulipofungua taarifa yake tukakuta ni mfuko wa mwaka wa kustaafu, unaochanganya hisa na hatifungani wenyewe na kupunguza hisa kadiri mwaka unavyokaribia.

Angalia kilichotokea kwake. Aliweka 2,000. Mwajiri wake huongeza senti 50 kwa kila dola, hivyo akamwekea 1,000. Zile 2,000 zilitoka kabla ya kodi, kipato chao kikashuka hadi 45,000, na kwa kipato hicho mwaka 2024 wanandoa walistahili punguzo la kodi la wanaojiwekea akiba ya uzeeni: nusu ya walichoweka, kwa mchango wa hadi 2,000 kwa kila mmoja. Kodi yao ilikuwa 1,580. Punguzo la 1,000 likaileta hadi 580. Aliyewajazia ritani miaka ya nyuma hakuwa amelidai punguzo hilo. Mama yule akanishika mkono: "Mwanangu, na hii ilikuwepo siku zote?"

Ilikuwepo. Dola 1,000 za mwajiri na 1,000 za kodi, juu ya 2,000 zake, kabla soko halijapanda wala kushuka. Hakuna ETF niliyowahi kuiona ikiongoza orodha iliyompa mtu wa kipato chake kitu hicho kwa uhakika huo. Hata mfuko uliopata asilimia 153 ulimpa nani? Ulimpa aliyekuwepo tayari. Naye mama angeupata wapi, kama si kwa kusikia habari zake mwaka uliofuata?

Sina ugomvi na ETF. Mimi mwenyewe akiba yangu iko humo, kwenye mifuko mipana ya ada ndogo. Kuna mifuko ya S&P 500 inayotoza asilimia 0.03 kwa mwaka, dola 3 kwa kila 10,000. Mifuko ya mada mara nyingi hutoza asilimia 0.75, dola 75 kwa fedha ileile. Nafanya makato siku ya mshahara na bei siitazami.

Nyumbani nako swali limeshafika. Mpwa wangu wa Tabata alinipigia: "Shangazi, nitajie ETF ya Marekani iliyoongoza niingie." Nilimwambia kwanza kwamba Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, na Kenya pia haina, hivyo gawio lake litakatwa asilimia 30 kabla halijamfikia. Aongeze gharama ya kubadili shilingi kwenda na kurudi. Nikamuuliza hiyo fedha anaihitaji lini. Akasema ni ada ya chuo ya mdogo wake, mwakani. Fedha ya mwakani haina kazi kwenye hisa za nchi yoyote. UTT AMIS, kampuni ya serikali ya Tanzania inayosimamia mifuko ya uwekezaji, wana Mfuko wa Ukwasi kwa mahitaji ya karibu kama hayo, na nilimpeleka huko akasome mwenyewe. Rafiki zangu wa Nairobi nao huhamisha akiba kutoka mfuko mmoja wa soko la fedha kwenda mwingine kila jedwali la riba linapotoka, kwa tofauti ya nusu asilimia, ambayo baada ya kodi ya zuio ya asilimia 15 na siku ambazo fedha iko njiani hubaki kidogo sana.

Kwa sisi tuliopo Marekani kuna tahadhari nyingine ambayo madalali hawaisemi. Ukiwa mlipakodi wa hapa, kununua vipande vya mfuko wa uwekezaji wa nje, ukiwemo wa nyumbani Tanzania au Kenya, kunaweza kukuingiza kwenye kanuni kali za mifuko ya nje na fomu 8621, ambayo sisi wa VITA haturuhusiwi kuijaza. Uliza mtaalamu kabla ya kutuma fedha. Wapo waliokuja wakiwa wameshatuma.

Kuanzia mwaka wa kodi 2027 lile punguzo la akiba ya uzeeni linabadilika. Serikali itaweka fedha yenyewe moja kwa moja kwenye akaunti ya mtu, nusu ya anachochangia, kwa mchango wa hadi dola 2,000, hata kama hadaiwi kodi yoyote. Wanandoa wenye kipato hadi 41,000 watapata yote, na inapungua kidogo kidogo hadi kuisha kwenye 71,000. Kwa asiye na ndoa ni 20,500 hadi 35,500. Ili uipate ni lazima uwe na akaunti ya kuipokelea. Kwa hiyo mnaokuja msimu huu, leteni W-2 zenu zote, pamoja na za kazi mlizoacha katikati ya mwaka, tutazame kisanduku cha 12. Kama hakuna herufi D na mwajiri wako huwa anachangia, nenda ofisi ya waajiriwa wiki hiyohiyo ukaulize fomu ya kujiunga.